Redio na Haki ya Sikio

Jicho lina kope na kinywa kina midomo. Sikio halikupewa kifuniko. Mtu akichukizwa na akionacho hufumba macho, na akichukizwa na chakula hufunga kinywa, lakini akichukizwa na sauti hana budi kuondoka mahali pale au kuvumilia. Kwa sababu hiyo watu wa kale waliweka adabu nyingi juu ya sauti. Kulikuwa na wakati wa kupiga ngoma na wakati wa kunyamaza. Kulikuwa na nyimbo za harusini na nyimbo za msibani. Kulikuwa na maneno ya jandoni yasiyosemwa mbele ya watoto. Ngoma ilikuwa na uwanja wake na saa yake, na aliyeipiga alijulikana kwa jina na kwa ukoo. Akikosea aliweza kuulizwa.

Redio ilikuja ikaivuka mipaka hiyo yote. Mpigaji yuko mbali, haonekani wala haulizwi. Na sauti yake huingia katika nyumba elfu kwa dakika moja, ya tajiri na ya maskini, ya mzee na ya mtoto. Chombo chenye nguvu hizi hakiwezi kukosa kuamsha swali la haki. Ni nani achague kitakachosikika na wote? Je, achague msikilizaji, ambaye sikio ni lake? Au achague mtangazaji, mwenye chombo? Au achague taifa, lenye watoto wa kuwalea? Na mtu mmoja akisha kuwachagulia wengi, ana deni gani kwao?

Swali hili huzungumzwa aghalabu kana kwamba ni la miji mikubwa, yenye vituo vingi na vijana wengi. Lakini uzito wake hupimwa vizuri zaidi katika wilaya kama Handeni na Korogwe, ambako kwa miaka mingi msikilizaji alipokea alichopelekewa, wala hakuwa na njia rahisi ya kujibu.

Wilaya hizi mbili za Mkoa wa Tanga ni jirani, na barabara iliyo kati ya miji yake ina urefu wa kilometa 65 hivi. Walakini historia imezilea malezi mbalimbali. Korogwe imekaa kando ya mto Pangani, ambao huitwa pia Ruvu, na reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilipita hapo kuelekea Mombo na Moshi. Mashamba ya mkonge yakaifuata reli, na mashamba yakawaita watu: Wanyamwezi, Waha, Wabena, Wamakonde na wengineo, wakakaa kambini karibu na Wabondei, Wazigua na Wasambaa waliowakuta. Katika kambi za namna hiyo ngoma za nchi nyingi zilikutana usiku mmoja, na sikio la Korogwe likazoea wageni mapema. Handeni, nchi ya Wazigua, haikupata reli. Ni nchi ya mahindi na mifugo, yenye mvua isiyoaminika, na njaa zake zimeandikwa katika kumbukumbu za serikali tangu enzi ya Wajerumani. Huko sikio lililelewa na ngoma ya selo, na hadithi za jioni, na methali za Kizigua.

Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951, na mwanzoni mawimbi yake hayakufika mbali. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 kazi hiyo ikatwaliwa na serikali ikaitwa Redio Tanzania Dar es Salaam. Katika miaka hiyo hiyo redio za transista, ndogo na zisizohitaji umeme wa waya, zikaanza kuonekana mashambani. Kibarua wa mkonge aliweza kuweka akiba akanunua moja, na kijiji kizima kikakaa kuizunguka. Tangu hapo mpaka sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 iliporuhusu vituo vya watu binafsi, redio ya nchini Tanzania Bara ilikuwa moja tu. Aliyetaka nyingine alitafuta kwa taabu sauti za mbali, za Nairobi au London, zikija na kwenda kwa mawimbi mafupi.

Sasa waliokuwa na redio hiyo moja walikuwa na hoja, na hoja yao ilikuwa nzito. Mwezi Desemba 1962, Mwalimu Julius Nyerere alipoapishwa kuwa Rais wa Jamhuri ya Tanganyika, alitangaza kuundwa kwa wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana. Katika hotuba hiyo alieleza kwamba wengi wamejifunza kucheza rumba, chacha, twisti, na hata roki. Kisha akauliza ni wangapi wanaojua gombesugu au lelemama, au hata waliowahi kuzisikia. Swali lile halikuwa la mzaha. Mkoloni alikuwa amefundisha kwamba Mwafrika hana utamaduni unaostahili jina hilo, na mtu aliyefundishwa kujidharau huona haya kwa kila kilicho chake. Nchi iliyopata bendera bila kupata heshima ya nyimbo zake ilikuwa bado imefungwa nusu.

Basi redio ikafanywa ngao. Hoja ya ngao ni hii: sauti ya kigeni haiji peke yake, huja na fedha nyingi nyuma yake, na mashine nzuri, na majarida, na picha za senema. Mpiga zeze wa Handeni hana hata kimoja cha vitu hivyo. Kuwaacha wawili hawa washindane kwa kisingizio cha uhuru wa msikilizaji ni sawa na kumwacha mtoto apigane mieleka na mtu mzima, kisha kusema kwamba aliyeshinda ameshinda kwa haki. Anayeikejeli hoja hii hajaijibu. Hata leo nchi zenye mali nyingi, kama Ufaransa na Kanada, zina sheria zinazovitaka vituo vya redio vitenge fungu maalumu la muda kwa nyimbo za kwao.

Lakini ngao ina uzito wake, nao huonekana inapoulizwa swali dogo: mgeni ni nani? Mwezi Novemba 1969 wakuu wa Mkoa wa Pwani walipiga marufuku muziki wa soul katika dansi za Dar es Salaam. Watu wakabishana magazetini. Baadhi wakasifu, wakasema muziki ule unaharibu vijana. Wengine wakauliza kwa nini ukatazwe muziki wa watu weusi wa Marekani, ambao babu zao walichukuliwa utumwani kutoka bara hili, ilhali dansi za Kizungu hazikuguswa. Swali lao linaihusu roki vile vile. Muziki ambao ulimwengu uliujua kwa sura za Elvis Presley na vijana wanne wa Liverpool ulikuwa umetoka katika mikono ya Waafrika wa Marekani, akina Chuck Berry na Little Richard, na mizizi yake ni nyimbo za huzuni za mashamba ya pamba. Kibarua wa shamba la mkonge na kibarua wa shamba la pamba wangeweza kuelewana bila mkalimani.

Wala si roki tu. Ngoma ya beni, iliyotapakaa pwani yote na bara, ilizaliwa kwa kuiga bendi za askari wa Kizungu. Watu wakaicheza mpaka ikawa yao, na mzee aliyeikumbuka baadaye aliikumbuka kama ngoma ya ujana wake, si kama kitu cha mkoloni. Muziki wa dansi, ambao redio ya taifa iliulinda kuwa muziki wa nchi, ulikuwa na gitaa na saksafoni, na mwendo wake ulifunzwa na sahani za santuri za Kuba zilizofika Afrika Mashariki tangu miaka ya 1930. Na mkonge wenyewe je? Miche yake ilitoka Amerika mwaka 1893 kwa agizo la Mjerumani Richard Hindorf. Kati ya miche 1,000 ni 62 tu iliyofika hai. Leo ni nani atakayeichora sura ya Korogwe bila kuchora mkonge? Ugeni si asili ya kitu. Ni hali ya kitu kabla hakijakaa na watu. Na muda wa kukaa hauwekwi na mkuu wa mkoa.

Yamkini msomaji atauliza: kama ndivyo, je, ngao ilikuwa kosa tupu? La. Matunda yake yapo, yanasikika. Katika miaka ya 1960 na 1970 Redio Tanzania ilizirekodi bendi za nchi hii kwa wingi, pamoja na kwaya, taarabu na ngoma za mikoani. Tanga, mji ulio karibu na Korogwe, uliinua Jamhuri Jazz na Atomic Jazz. Morogoro, Tabora na Kilwa nazo zikawa na majina katika midomo ya watu. Kijana wa Handeni aliyesikia gitaa la Mtanzania mwenziwe likitoka katika chombo kile kile kilichosoma taarifa ya habari alipata fundisho ambalo shule haikumpa, ya kwamba mtu wa kwao anaweza kusikilizwa na nchi nzima. Kadhalika redio hiyo ilipotumiwa katika elimu ya watu wazima, watu waliitika. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilikusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza, wakazungumza juu ya malaria na maji safi, wakatoka wakachimba vyoo. Sikio likiheshimiwa huwa tayari kufundishwa.

Kosa liko mahali pengine. Mtu akimfungia mgeni mlango kwa kusema kwamba nyumba ni ya mwenyeji, amejitwika wajibu wa kumpa mwenyeji kiti. Hapo ndipo hesabu inapokataa. Nchi ina makabila zaidi ya 120, na kituo kilikuwa kimoja, chenye saa zenye kikomo. Mafundi wa redio walisafiri mikoani na mashine zao, na kazi yao inastahili shukrani; lakini safari haiwezi kuwa badala ya makao. Wachaguzi walikaa Dar es Salaam. Selo ya Handeni na mdumange wa Usambara zilisikika kwa zamu, kama wageni waliokaribishwa kwa heshima kisha wakaonyeshwa njia ya kurudia. Lugha ya matangazo ilikuwa Kiswahili na Kiingereza, kwa sababu nzuri ya umoja. Faida ya umoja ule hakuna anayeikana, na Kiswahili chenyewe kimepata nguvu kubwa kwa njia hiyo. Hata hivyo bibi wa Handeni aliyejua Kizigua tu alilindwa asiivamiwe na roki, lakini naye hakusikia neno la mamaye. Kwa sikio lake vitu viwili hivi vilifanana.

Deni la pili lilikuwa kwa wapigaji wenyewe. Wakati huo nchini Tanzania hapakuwa na kiwanda cha kutengeneza sahani za santuri, na redio ilikuwa karibu mahali pekee pa kurekodi. Maneno ya nyimbo yalikaguliwa kwanza; kisha bendi ikapiga, kanda ikahifadhiwa, na wimbo ukapigwa hewani miaka nenda miaka rudi. Malipo ya kila mara wimbo upigwapo hayakuwa desturi. Mwanamuziki akawa maarufu na maskini pamoja. Aliyetaka sahani alikwenda Kenya. Mbaraka Mwinshehe, aliyeng'ara na Morogoro Jazz kabla ya kuunda Super Volcano, alirekodi sana Nairobi, na mauti yalimkuta kwa ajali ya gari Mombasa mwezi Januari 1979, mbali na nyumbani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilikuja mwaka 1999, wakati wengi wa waliozijaza zile kanda walikuwa wamekwisha zeeka au kufa. Taifa lililinda muziki. Mwenye muziki halikumlinda kwa kiasi kile kile. Huko ni kuheshimu asali na kumsahau nyuki.

Mfano mwingine uko upande wa roki yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 vijana wa Dar es Salaam walikuwa na bendi iliyoitwa Sunburst. Walitwaa gitaa kali la roki wakalifunga na midundo ya Kiafrika. Mwaka 1973 walishinda mashindano ya muziki ya taifa, jambo linaloonyesha kwamba masikio ya waamuzi yalikuwa mapana kuliko maneno ya viongozi. Lakini albamu yao, Ave Africa, ilitoka Zambia mwaka 1976, na baada ya hapo bendi haikudumu. Mwaka 2016 kazi zao zikatolewa tena ng'ambo, zikasifiwa na watu ambao hawakuwa wamezaliwa zilipopigwa. Kilichoonekana nyumbani kuwa kimekaribia mno ugeni kilionekana ugenini kuwa cha Kiafrika kabisa. Haya ndiyo madhara ya kudhani kwamba mpaka wa utamaduni unaweza kuchorwa kwa rula.

Mwaka 1993 mlango ulifunguliwa, na tangu hapo vituo vimeongezeka mpaka vikapita mia. Ingedhaniwa kwamba haki ya sikio imepatikana. Nairobi, mji wenye vituo vingi zaidi, ulipata hata kuwa na kituo kilichojitoa kwa roki, X FM, maana palikuwa na wasikilizaji wa kukitosha na matangazo ya biashara ya kukilisha. Lakini hapa tena Handeni inafundisha. Kituo cha biashara huishi kwa matangazo, na matangazo huenda kwenye fedha. Mkulima wa mahindi hana mali ya kumvuta mwenye sabuni na mwenye simu. Kwa hiyo sauti zinazomfikia sasa ni nyingi, na nyimbo ni zile zile chache zinazopigwa mjini, zikirudiwa asubuhi na jioni. Zamani aliyemchagulia alikuwa ofisa aliyeamini kwamba anajua kilicho chema. Leo anayemchagulia ni hesabu ya faida isiyojua hata kwamba yeye yupo. Ofisa yule aliweza kuandikiwa barua. Hesabu haina anwani.

Kwa hiyo wale wanaosema uhuru wa soko ni dawa ya makosa ya ngao hawajaitazama nchi vizuri. Ngao ilimfungia mgeni mlango bila kumpa mwenyeji kiti cha kutosha. Soko limeufungua mlango, na kiti bado hakipo. Wenye nguvu wamebadilishana zamu, na yule wa Handeni amebaki amesimama.

Iko njia ya tatu, nayo si ndoto. Maji yapitayo Korogwe huteremka mpaka mji wa Pangani, na huko, tangu mwaka 2009, kituo cha Pangani FM kimekuwa kikitangaza kwa ajili ya watu wa wilaya hiyo. Si kituo cha tajiri wala cha wizara. Kilianzishwa na asasi ya huko huko. Redio za jamii za namna hii zipo sasa katika pembe nyingi za nchi. Zina udhaifu: wafadhili huchoka, mitambo huharibika, watangazaji wazuri huitwa mjini. Lakini zina jambo moja ambalo wakubwa hawana. Mtangazaji akikosea, hukutana na msikilizaji wake sokoni, akaulizwa. Ile adabu ya ngoma ya kale, ya mpigaji anayejulikana kwa jina na ukoo, imerudi kwa mlango wa nyuma.

Katika kituo cha namna hiyo swali la roki hupoteza sumu yake. Tuseme msichana wa Korogwe apenda gitaa la umeme na ngoma nzito za roki kuliko muziki wowote mwingine. Je, amelisaliti kabila lake? Amefanya walichofanya babu zake walipoipenda beni, na wazazi wake walipoipenda rumba. Kupenda si dhambi, na sikio haliamrishwi kupenda. Dhambi ingekuwa kumlea mahali ambapo hana njia ya kuijua selo, kisha kumlaumu kwa kuchagua roki. Mtu aliyeonyeshwa kimoja hakuchagua, amepewa. Mpe saa ya roki, umpe na saa ya selo iliyopigwa na wazee wanaoijua, wakaeleza ni ya nini na huchezwa lini, kisha mwache. Huenda akabaki na roki yake. Huenda akaitia selo ndani ya gitaa, pakazaliwa kitu kisicho na jina bado. Huenda akaviacha vyote viwili. Liwalo lolote, atakuwa amefanya mwenyewe.

Hapo haki ya sikio inapata maana iliyo wazi. Haki hiyo haimtaki mtangazaji apige kila mtu anachotaka, maana jambo hilo haliwezekani, na lingewezekana lingekuwa fujo. Inamtaka anayechagua akubali mambo mawili: aonekane na aulizwe na wale anaowachagulia, na kabla ya kukataza cha mbali, akirekodi cha karibu, akilipie, akipe saa njema. Serikali ikifungwa na masharti haya haitakuwa mkandamizaji ikilinda utamaduni. Mfanyabiashara akifungwa nayo hatakuwa mharibifu akileta muziki wa kigeni.

Zile kanda za Redio Tanzania bado zimehifadhiwa Dar es Salaam, na kazi ya kuzihamisha katika vyombo vya kisasa imekuwa ikisemwa na kufanywa kidogo kidogo. Wazee wanaojua maneno ya selo hawakuhifadhiwa mahali popote. Wako Handeni, na kila mwaka hupungua. Kipaza sauti kimoja na gari la kwenda kilometa 65 kutoka Korogwe vingetosha kuanza. Kanda zikicheleweshwa zinaweza kungoja kidogo kabatini. Wazee hawangoji.